Modeli ya bafa na tangi la maziwa la Mbarara

Msimamizi wa kituo cha maziwa alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Hakunisalimu, na kwa mtu wa Mbarara hiyo ni dalili ya msiba.

"Binti, mtambo wenu unasema maziwa yangu yalifika nyuzi nane saa tisa usiku. Nimepima kwa kipimajoto changu cha mkono, ni nne. Sasa hapo mwongo ni nani?"

Mzee huyu aliendesha malori ya Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani kufuga, na Kiswahili chake hakina mzaha. Maziwa yakikaa nyuzi 8 usiku kucha, asubuhi lori la kiwanda linayakataa, na wafugaji wanaulizana nani wa kulipa. Rekodi zetu ndizo zilizokuwa zimewekwa pale ili kumaliza ugomvi wa aina hiyo. Sasa zimeuanzisha.

Karakana yetu, inayotengeneza mitambo hiyo ya kurekodi joto la maziwa, iko Ntinda, Kampala. Tuko watatu. Mimi ni mzaliwa wa Bombo, nyumbani Kinubi, mtaani Kiswahili. Kijana wetu wa programu anatoka Goma, naye husema "bintu" mahali ninaposema "vitu". Wa tatu tunamwita Afande: fundi wa redio za jeshi aliyestaafu, ambaye alikuwa anashika chuma cha kulehemu kabla sijazaliwa. Watu bado wanasema Kiswahili Uganda ni lugha ya kambini, ingawa baraza la mawaziri liliipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Kwetu ni lugha ya kazi tu. Hatuna nyingine inayotutosha wote watatu.

Kijana ndiye aliyeshika uzi kwanza. Aliisoma ile ile kumbukumbu kwa mara ya pili na namba ikatoka 4. Data iliyohifadhiwa ilikuwa sahihi, iliharibika wakati wa kusomwa. Na iliharibika kwa namna moja: 40 ikawa 80, maana tunahifadhi sehemu za kumi za nyuzi. Kwa anayeijua hesabu ya sifuri na moja, namba kuzidishwa mara mbili ni biti zote kusogea nafasi moja kushoto. Chipu ya kumbukumbu hutoa biti moja kwa kila mpigo wa saa, yaani ishara tunayoituma kuiongoza, nayo ilikuwa imehesabu mpigo mmoja ambao sisi hatukuutuma.

Mpigo wa ziada kwenye laini ya saa mara nyingi huletwa na mwangwi. Ishara inapita kwenye njia ya shaba kwa kasi ya kama sentimita 15 kwa nanosekunde, inafika mwisho, inakuta chipu ambayo haili karibu chochote, inarudi ilikotoka, inagonga tena, inakwenda. Ukingo wa ishara, yaani kupanda kwake kwa volti, ukiwa mfupi kuliko muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi, chipu ya mwisho inaona volti ikipanda, inashuka kidogo, inapanda tena. Mshuko huo ukigusa kizingiti, yaani volti ambayo chipu inaitumia kutenganisha sifuri na moja, yeye anahesabu pigo lingine. Laini yetu ilikuwa na sentimita 16, kwa sababu ya umbo la boksi. Safari ya kwenda na kurudi ni kama nanosekunde 2.

Yote haya niliyajua. Na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeiga laini hiyo kwenye kompyuta kabla ya kuagiza bodi, na picha ilitoka safi kama kanzu ya Idi.

Niliiga kwa KiCad, programu ya kuchora bodi za elektroniki, ambayo tangu toleo la 7 la mwaka 2023 inasoma mafaili ya IBIS moja kwa moja, bure. IBIS ni muundo ulioanzia Intel, toleo la kwanza likatoka mwaka 1993, na ulizaliwa na wasiwasi wa kibiashara. Anayetengeneza chipu hataki kukupa ramani ya transista zake, na wewe huwezi kuiga laini yako bila kujua mguu wa chipu unasukuma umeme kwa nguvu gani. Basi anakupa majedwali. Ni kama muuza bizari ya pilau: mchanganyiko atakuuzia, ladha utaionja, vipimo atakwenda navyo kaburini. Ndani ya faili, ambalo ni maandishi matupu unayoweza kuyafungua kwa programu yoyote, mna jedwali la mkondo dhidi ya volti bafa (sehemu ya chipu inayosukuma mguu) inapovuta juu, lingine inapovuta chini, mawili ya daiodi za kinga, majedwali ya volti dhidi ya muda bafa inapobadilika, kapasitansi ya ndani, na vitu vya kifurushi cha chipu. Kila kitu kina safu tatu: ya kawaida, ya chini na ya juu. Kwa chipu za CMOS, aina ya kawaida siku hizi, ya chini ni volti ndogo na joto, ya juu ni volti kubwa na baridi, kwa kuwa transista hizo zikipoa zinakuwa na kasi zaidi.

Bodi ilikuwa imefungwa ubavuni mwa tangi lenye maziwa ya nyuzi 4. Mimi niliiga safu ya kawaida tu.

Ningependa kusema niliona hapo hapo. Sikuona. Nilichofanya ni kuchukua bodi ya akiba, kuweka probu ya oskiloskopu, kifaa kinachochora volti dhidi ya muda, kwenye mguu wa saa, na kulinganisha na picha ya kompyuta. Havikufanana hata kidogo. Kwenye skrini ya oskiloskopu ukingo ulipanda polepole, karibu nanosekunde 4, kisha ukatetemeka kama kengele. Kompyuta ilisema ukingo ni nanosekunde 1 na ushee, na mtetemo kidogo tu. Nikatangaza kwa sauti kwamba modeli ni takataka, na nikaanza kuandika barua pepe kwa watengenezaji wa chipu.

Afande alikuwa anakula roleksi yake, chapati imekunja mayai, mafuta yanachuruzika mpaka kiwikoni. Akasema, "Binti, umemleta shahidi mahakamani. Yeye mwenyewe nani amempima?"

Akafuta mikono, akashika probu yangu, akabana waya wake wa graundi kwenye ncha ya probu yenyewe, na akaigusisha yote kwenye graundi ya bodi inayofanya kazi. Hapo pangetakiwa mstari mnyoofu. Ulikuwepo mtetemo, ule ule, mdogo kidogo. Nilikuwa napima waya wangu.

Tulikaa chini tukapiga hesabu, na hesabu hiyo imenisaidia zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria. Waya wa graundi wa probu una kama sentimita 15, na kwa makadirio ya mafundi milimita moja ni kama nanohenri 1; basi 150. Ncha ya probu ile ina pikofaradi 12. Viwili hivyo vikikutana vinapiga kengele karibu na megahezi 120. Nikapima mtetemo kwenye skrini: haukuwa mbali na hapo. Na upole wa ukingo? Oskiloskopu yetu ni ya megahezi 100. Gawanya 0.35 kwa kipimo hicho, unapata nanosekunde 3.5, ndio ukingo mkali kuliko yote inayoweza kuonyesha hata ukiiletea radi. Ukingo wa 1.2 ukipita humo hutoka kama 3.7, kwa kuwa miraba ya nyakati hujumlishwa kisha unatafuta kipeuo. Kifaa kilikuwa kinanionyesha sura yake chenyewe.

Barua pepe nikaifuta. Nilishukuru kwamba mtandao ulikuwa mbovu siku ile.

Chombo kinachofaa kazi hii kina bei ya gari. Maabara moja ya chuo ilikubali tutumie oskiloskopu yao ya gigahezi 1 Jumamosi mchana. Probu tulitengeneza wenyewe, kwa mbinu ya zamani ambayo Afande aliijua kutoka kwenye redio: kipande cha waya wa koaksi wa omu 50, kwenye ncha yake umelehemu resista ya kilo-omu 1, ngao ya waya umeilehemu kwenye graundi milimita chache kutoka kwenye mguu unaoupima. Upande wa pili unaingia kwenye oskiloskopu iliyowekwa omu 50. Inagawa ishara kwa 21, kapasitansi yake ni ndogo mno, na gharama yake ni soda moja. Resista iwe ndogo, ile ya kubandika juu ya bodi. Tulijaribu kwanza ile ya miguu mirefu na tukapata kengele upya.

Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha, umeme ukakatika saa nane, tukarudi nyumbani na picha mbili. Jumamosi ya pili tulifanya kazi kweli.

Hapa nieleze kosa ambalo karibu nilirudie. Nilitaka kupima kwenye bodi ya maziwa, laini yote, na kulinganisha mwisho na mwisho. Lakini picha ikitofautiana utamlaumu nani? Modeli ya bafa, modeli ya laini, kona ya shaba, soketi, au wewe? Majedwali ya muda kwenye faili yalitengenezwa bafa ikisukuma mzigo unaojulikana: omu 50 kwenda graundi, na omu 50 kwenda kwenye volti ya usambazaji. Basi mpe chipu mzigo huo huo, mguuni kabisa, bila laini, uone kama anasema aliyoandikiwa. Vivyo hivyo volti: pima kwenye mguu wa chipu. Chombo cha usambazaji kilisema 3.30, mguuni palikuwa na 3.24, na tofauti hiyo peke yake ingetosha kutupa ugomvi wa nusu siku.

Tuliporekebisha volti, kiwango cha mwisho kikafika 2.46 kwa mzigo wa omu 50. Fanya hesabu: 2.46 gawanya kwa 50 ni miliampea 49, na volti 0.84 zilizobaki zimeliwa ndani ya bafa, kwa hiyo bafa ina kama omu 17. Kwenye faili, safu ya kawaida, bafa niliyokuwa nimeiga ilikuwa na omu 35.

Nilitabasamu. Safari hii modeli imekamatwa kweli, nikadhani, na probu haina kosa.

Kijana wa Goma akakohoa. "Dada, ule muguu niliuweka kwenye mwendo wa juu kabisa. Ili tuwe salama."

Maikrokontrola za siku hizi, yaani chipu zinazoendesha programu kama yetu inayotuma mipigo ya saa, zina miguu ambayo programu inaichagulia nguvu, na faili la IBIS linabeba modeli kadhaa kwa mguu mmoja, wewe ndiye unayechagua. Mimi niliacha ile iliyokuja imechaguliwa. Yeye kwenye programu alichagua ya mwisho. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeiga chipu ambayo hatukuwa nayo, na kati ya meza yake na yangu kuna hatua nne. Sikumkaripia, maana sikuwahi kumuuliza.

Nikabadilisha chaguo. Omu 17 kwenye faili, omu 17 mezani. Umbo la ukingo likalala juu ya umbo la kompyuta vizuri, tofauti ilikuwa ndogo kuliko unene wa mstari wa skrini, isipokuwa pale chini mwanzoni ambapo kapasitansi ya probu yetu ilikuwa inaonekana. Wengi wangeishia hapo. Mimi pia nilitaka kuishia hapo, kwa sababu ilikuwa jioni na foleni ya Wandegeya naijua.

Lakini maziwa yalikuwa ya baridi, na safu ya kawaida haikuwa inaeleza kosa. Kwa hesabu ya mkono, nikiacha daiodi za kinga, bafa ya omu 17 kwa volti 3.3 kwenye laini ya omu 50 inarusha 2.46, mwisho wa laini inakuwa 4.93, mwangwi ukirudi inashuka hadi 2.50. Kizingiti cha juu cha chipu ya kumbukumbu ni asilimia 70 ya usambazaji, yaani 2.31. Nafasi ya karibu volti 0.2. Haipendezi, ila inapita. Nikaweka safu ya juu, volti 3.6. Kompyuta ikasema mshuko unaishia karibu 2.9, na kizingiti hapo ni 2.52. Yaani upande wa baridi ni salama zaidi kuliko wa kawaida.

Hiyo ndiyo iliyonizuia usingizi. Baridi inaipa bafa nguvu, na bafa yenye nguvu ndiyo yenye mwangwi mkubwa. Kwa nini iwe salama zaidi?

Kuna programu ndogo ya bure inaitwa ibischk, inayokagua mafaili haya. Nilikuwa nimeiendesha siku ya kwanza kabisa. Ilitoa maonyo kumi na kitu bila kosa hata moja, nikayapita kama mtu anavyopita tangazo la kampeni ukutani. Sasa nilisoma onyo moja moja. La saba lilisema kwamba kwenye safu ya juu, volti ambayo jedwali la muda linaishia hailingani na volti ambayo jedwali la mkondo lingetoa kwa mzigo huo huo.

Nikachukua kalamu. Jedwali la muda, safu ya juu, omu 50 kwenda graundi: linaishia 2.77. Hiyo ni miliampea 55, na volti 0.83 ndani ya bafa, kama omu 15. Nikaenda kwenye jedwali la mkondo la kuvuta juu. Hapa angalia, maana limewakosesha wengi: jedwali hilo halianzii graundi, linahesabiwa kutoka kwenye volti ya usambazaji kwenda chini. Kwenye 0.83 nilikuta miliampea 41. Omu 20. Faili moja, bafa moja, safu moja, na kauli mbili. Tena kauli ya pili inasema bafa ikipoa na kupewa volti zaidi inakuwa dhaifu kuliko ilivyo kawaida, omu 20 dhidi ya 17. Kwa chipu ya CMOS hilo halina akili. Kumbe ningeliona kwa macho tu, bila programu, kama ningelinganisha safu kwa safu kabla ya kuchora grafu zenye rangi.

Lipi la kweli? Hapo karatasi imefika mwisho, lazima uulize chipu. Kijana alipanda boda akaenda Ggaba, kwenye mwalo wa samaki, akarudi na boksi la barafu linalonuka sato. Bodi tukaitia kwenye mifuko miwili ya plastiki na pakiti za silika ya kukausha tulizozikusanya kwenye maboksi ya viatu, kwa sababu unyevu ukigeuka matone juu ya miguu ya chipu utapima maji. Tukasubiri mpaka kipimajoto kikasoma 5. Volti mguuni, 3.60. Kiwango cha mwisho: 2.74.

Omu 15.7. Na hapa Afande aliniuliza swali zuri: "Si imesema 2.77? Mbona hujalalamika?" Kwa sababu sikutarajia 2.77. Safu ya juu ya faili hilo imeandikwa kwa baridi kali kuliko barafu ya Ggaba, na kwa chipu iliyotoka kiwandani ikiwa na nguvu kuliko wenzake. Sisi tulikuwa na chipu moja, hatujui ni ya mwenye nguvu au mnyonge. Kilichotakiwa ni namba ianguke kati ya kawaida na juu, ndani ya ua. 15.7 iko kati ya 17 na 15. Omu 20 iko nje ya ua kabisa. Tukarudia kwa chipu nyingine mbili, namba zikasogea kidogo sana. Jedwali la mkondo, safu ya juu, ndilo lililokuwa na kosa.

Nikalisahihisha kwenye nakala yangu, nikiandika juu yake tarehe na sababu, nikaiga upya. Mkononi, omu 15 na volti 3.6: inarusha 2.77, mwisho 5.54, inashuka hadi 2.56. Kizingiti 2.52. Imebaki nafasi ya volti 0.04, na hapo kelele ya umeme ya kompresa inayopoza tangi haijaongezwa.

Dawa ilikuwa ya bei ya karanga. Resista ya omu 33 karibu na mguu wa maikrokontrola, ili 15 au 17 za bafa zikijumlishwa zifike karibu na 50 za laini, na mwangwi unaporudi usikute ukuta. Bodi haikuwa na nafasi yake, tukakata njia ya shaba kwa wembe tukailehemu juu ya jeraha. Kijana naye akateremsha mwendo wa mguu hatua moja. Tukasafiri Mbarara kwa basi la alfajiri na bodi tatu kwenye begi.

Mzee wa kituo alizitazama zile resista za kuning'inia kwa muda mrefu. "Hizi ndizo zilizokuwa zinaniharibia jina?"

"Zilikuwa hazipo, mzee."

Akatuletea maziwa ya mgando, akakataa tulipie.

Barua pepe kwa watengenezaji wa chipu niliiandika upya, fupi, bila matusi: namba ya onyo, hesabu mbili, picha ya oskiloskopu, mchoro wa probu, joto, volti mguuni. Walijibu baada ya wiki mbili wakiomba maelezo ya mzigo, kisha kimya. Mwezi wa nne likaja faili jipya, na kwenye maelezo ya marekebisho kuna mstari mmoja kuhusu jedwali la kuvuta juu. Niliendesha ibischk, hakuna onyo hata moja. Safu ya juu ilikuwa omu 15.

Nikamtuma kijana Ggaba akalete barafu.